Kilo Kumi za Punje

Sokoni kote, Bibi Mizani alipenda kusema, hakuna mkono unaopima kwa haki kama mkono wake. Tangu enzi za kopo hadi zama za mawe ya chuma, hajampunja mnunuzi hata chembe. Alilisema hilo kidevu juu, kwa sauti ya kufika hadi kwa wauza vitunguu, halafu anakohoa kidogo na kuongeza: "Isipokuwa wale wanaobonyezabonyeza maharage yangu kama wanachagua mchumba. Hao nawapunguzia kidogo, wapate adabu."

Jina lenyewe la Mizani alijipa mwenyewe, akalitupia watu kidogo kidogo hadi likaonekana limetoka kwao. Mawe yake hayakuwahi kulala sokoni. Kila jioni aliyafunga kwenye kitambaa na kuondoka nayo mkobani, kwa sababu, alisema, jiwe la mizani likilala peke yake huamka limekonda. Hata alipokwenda msibani alikwenda nayo. Hata hospitali.

Na hospitali ndiko alikokuwa asubuhi hiyo, kwenye benchi refu nje ya chumba cha daktari wa moyo, mkoba mapajani, binti yake, Mama Punje, pembeni, na katikati yao mjukuu, Punje, akivuta kamba ya kiatu. Punje alikuwa na miaka mitatu na ushei, mwili wa mtoto wa mwaka mmoja na nusu, na mdomo wa mwenyekiti wa mtaa. Alizaliwa mdogo, akabaki mdogo. Moyo wake ulikuwa na tundu, na juzi madaktari walimlaza wakauchungulia kwa ndani. Leo walikuwa wameitwa kuambiwa kama tundu hilo litazibwa au halitazibwa. Zaidi ya "litazibwa", hakukuwa na neno jingine duniani ambalo Bibi alitaka kulisikia.

Mlango ukafunguka. Daktari alikuwa mwanamke mwembamba, miwani moja puani na nyingine kaisahau kichwani.

"Shikamoo, bibi. Karibuni ndani."

"Marahaba, mwanangu. Umelala?"

"Nimelala kidogo."

"Mimi nimelala kwa jicho moja. La pili lilikuwa linakungoja wewe."

Daktari alitabasamu, lakini tabasamu halikukaa. Bibi aliliona likiondoka, na moyo wake mwenyewe, usio na tundu lolote lililojulikana, ukapiga kwato.

Walipoketi, daktari alichukua karatasi akachora nyumba. Vyumba vinne: viwili juu, viwili chini, ukuta katikati.

"Huu ndio moyo. Upande wa kulia unapokea damu iliyochoka kutoka mwilini na kuipeleka kwenye mapafu ikachukue oksijeni. Inarudi upande wa kushoto, na kushoto ndiko inakosukumwa kwenda mwilini."

"Nyumba gani hiyo isiyo na jiko?" aliuliza Bibi.

"Mama!" binti yake alimkata jicho.

"Mwache, ameuliza vizuri," alisema daktari, akachora kibanda juu ya nyumba. "Mapafu ndiyo jiko. Damu inaingia mbichi, inatoka imeiva. Sasa, Punje ana tundu hapa, kwenye ukuta wa vyumba vya chini. Chumba cha kushoto kina nguvu kuliko cha kulia, kwa hiyo kinaisukuma damu iliyoiva ipite tunduni, irudi kulia, irudi tena jikoni."

"Chakula kilichoiva kinarudishwa jikoni?"

"Kila pigo la moyo."

"Mpishi atachoka huyo."

"Ndicho tunachokiogopa, bibi. Mlango wa jiko ukisukumwa hivyo miezi na miaka, unaanza kukaza. Mishipa ya mapafu inakuwa minene, migumu. Ikikaza kidogo, tunaziba tundu na mlango unalegea wenyewe. Ikikaza mno, hatuwezi kuziba tena, kwa sababu damu iliyokosa njia jikoni inabaki na tundu peke yake la kutokea. Unakuwa umeuziba mlango wa dharura na watu wamo ndani."

Bibi aliitazama ile nyumba ya kalamu. Alikuwa ameisikia habari ya tundu kwa miaka mitatu na kila mara aliliona kama adui. Sasa anaambiwa adui anaweza kugeuka mlango.

"Kwa hiyo juzi," daktari aliendelea, "tulipitisha mpira mwembamba sana kutoka kwenye mshipa wa kinena hadi moyoni. Tulipita chumba kwa chumba. Kila chumba tulipima nguvu ya damu, tukachota tone kuona imeiva kiasi gani. Tukiviweka vipimo hivyo pamoja tunajua damu kiasi gani inakwenda jikoni, na mlango umekaza kiasi gani."

"Na umekaza kiasi gani?" Mama Punje aliuliza. Lilikuwa swali lake la kwanza tangu waingie.

"Tuna namba ya ugumu wa mlango. Hapa kwetu, chini ya sita tunaziba bila wasiwasi. Ikipita nane tunaogopa kuziba." Daktari aligusa karatasi nyingine iliyokuwa imelala kifudifudi, lakini hakuigeuza. "Ya Punje imekuja tisa."

Mama Punje aliufunika mdomo wake kwa kiganja. Bibi alitafuta mzaha pale alipozoea kuukuta, akapapasa, hakuukuta.

Punje peke yake ndiye aliyeona jambo zuri. "Tisa ni nyingi," alisema. "Tisa inashinda sita."

"Inashinda, ndiyo," alisema daktari taratibu. Kisha akainuka, akabandika picha ya kifua cha Punje kwenye ubao wa taa. "Lakini namba hii inanikera, na ndiyo maana nimewaita kabla ya kikao cha madaktari badala ya baadaye. Tazameni mapafu yake. Yamelowa damu kama nguo iliyotolewa kwenye beseni. Mlango uliokaza haupitishi damu yote hii. Tena nikimwekea kipimo cha kidole akiwa macho, kinasoma tisini na sita kwa mia. Midomo myekundu. Mtoto anasema jikoni kunapitika, namba inasema hakupitiki."

"Mmoja wao mwongo," alisema Bibi haraka, kama mtu anayeijua fani.

"Au wote wanasema kweli, ila si za wakati mmoja. Namba haimjui mtoto, bibi. Inaijua dakika ile tu niliyoiuliza. Kwa hiyo nikakaa nayo, nikaanza kumuuliza mtoto wa dakika ile alikuwaje."

Alirudi kwenye mchoro, akaweka ncha ya kalamu pale damu inapotoka jikoni kuingia chumba cha juu kushoto.

"Hapa. Damu ya hapa imetoka mapafuni sasa hivi. Haijafika kwenye tundu, haijachanganyika na chochote. Kwa mtoto huyu ilitakiwa iwe imeiva kabisa, tisini na saba, tisini na nane. Ilikuwa themanini na tisa. Hilo si kosa la tundu. Damu ilitoka jikoni ikiwa bado mbichi."

"Moto ulikuwa mdogo," alisema Bibi.

"Moto ulikuwa mdogo. Mtoto hakuwa anapumua vya kutosha, na hewa chafu ilikuwa imejaa kwenye damu. Sasa mapafu yana tabia yao: yakikosa hewa hukaza milango yao yenyewe. Hata yako, hata yangu. Tulipogundua tulimsaidia kupumua, tukatoa mpira, tukaacha. Lakini vipimo tulikuwa tumeshavichukua. Kwa hiyo ile tisa huenda ni tisa ya maradhi, au huenda ni tano iliyolala vibaya."

"Na kwa nini hakupumua?" Mama Punje alisogea mbele hadi kiti kikalia.

"Usingizi ulikuwa mzito mno. Nikamwendea mwenzangu wa dawa za usingizi, tukagombana kidogo, akanionyesha hesabu zake. Hana kosa. Dawa ile inapimwa kwa uzito. Kadi ya mtoto imeandikwa kilo kumi na nukta mbili, naye ametoa dawa ya kilo kumi na nukta mbili, kamili. Na bado mtoto amelala kama aliyepewa dawa ya mtu mwingine."

Kilo kumi.

Bibi aliukumbatia mkoba.

Hospitali ile ilikuwa na utaratibu wake: kipimo cha mpira hafanyiwi mtoto aliye chini ya kilo kumi, mishipa inakuwa kama uzi. Na Punje alikuwa wa kilo nane. Alikwenda wa nane, akarudishwa akalishwe, akaja tena wa nane na kidogo, akarudishwa. Na ni nani aliyekuwa halishi? Uji, maziwa, mayai, kila kitu kiliingia Punje kikatoka jasho. Vijiko vitatu, anahema. Vitano, amechoka, anasukuma sahani. Wakati huohuo kila daktari waliyekutana naye aliwaambia msichelewe, watoto wa namna hii wakichelewa mambo huharibika. Msichelewe, ila msije kabla ya kilo kumi! Bibi alilisikia hilo na kusema moyoni kwamba watu hawa wanahitaji kusaidiwa.

Basi akawasaidia. Alichukua koti la Punje, akafumua bitana, akatia mawe mawili ya kilo moja moja, moja kila upande, maana mpimaji mzuri husawazisha. Akashona kwa uzi wa rangi ileile. Asubuhi alimbeba mwenyewe hadi kwenye mizani akamketisha kama malkia. Sista alitaka kumvua.

"Sista mwanangu," Bibi alimwambia, "ukimvua huyu atakohoa. Akikohoa mtatupa tarehe nyingine. Na mimi umri wa tarehe nyingine sina."

Sista alicheka. Foleni ilikuwa imefika getini. Akampima na koti lake, akapunguza kidogo kwa ajili ya nguo, akaandika. Mama Punje, aliyekuwa dirisha la kadi wakati huo, aliporudi akaambiwa kilo kumi zimetimia, aliketi chini pale pale akalia kwa furaha. Bibi aliipokea furaha ile kama anavyopokea mtu zawadi iliyoletwa nyumba isiyo yake. Jioni alifumua bitana, akamwambia Punje kwamba hiyo ni siri ya wanawake wawili.

Alidhani amemdanganya mlinzi wa mlango tu. Kumbe uongo haukubaki mlangoni. Ulikuwa umepita, umetembea korido yote hadi kwa mtu mwenye sindano, naye kwa uaminifu wake akaupima kwa mililita na kuutia kwenye mshipa wa Punje.

"Kikao cha madaktari ni mchana," daktari alikuwa anasema. "Nikiwapelekea tisa watasema mlango umekwisha, tusizibe. Nikiomba kipimo kirudiwe wataniuliza kwa nini, na siwezi kuwajibu kwamba roho yangu haijatulia. Nahitaji sababu moja tu, ya kweli, na kipimo kitarudiwa. Kwa hiyo nawauliza kama ndugu. Alikuwa na kikohozi? Alipewa dawa yoyote nyumbani? Kuna jambo sijaambiwa? Sitamgombeza mtu. Mficha maradhi, kifo humuumbua."

"Hakuna, daktari," alisema Mama Punje. Akamgeukia Bibi. "Au lipo, mama?"

Neno lilikuwa hapo hapo, limekaa juu ya ulimi, fupi tu. Lakini binti yake alikuwa anamtazama kwa yale macho ya siku ya kilo kumi, na ulimi wa Bibi, uliozoea njia zake, ukakata kona.

"Mizani yenu hiyo!" alisema.

"Mizani?"

"Inazidisha. Mimi ni mtu wa mizani, mwanangu, nilipoiona tu siku ile nikasema moyoni, hii inazidisha. Mpimeni tena muone."

"Mbona hukusema, bibi?"

"Nani angemsikiliza kikongwe wa maharage?"

Akajiona ameibuka kidedea. Ukweli utafika unakotakiwa kufika, kikao kitapata sababu yake, Punje atapimwa upya, na bibi wa watu atarudi sokoni na jina lake. Uongo wa pili umetumwa kuutibu wa kwanza.

Daktari alimwita sista, naye akaja akisukuma mizani ya magurudumu, ileile. Punje akavuliwa hadi kigauni chepesi, akaketishwa. Mshale wa mizani ukayumba, ukatulia.

"Nane na nukta tatu," alisoma sista. Akainama akasoma tena. "Haiwezekani. Nilimpima mimi. Ilikuwa mizani hii hii."

"Kilo mbili zimekwenda wapi?" aliuliza Mama Punje.

"Si nimewaambia?" Bibi alikunja mikono. "Kigeugeu hiyo."

Alingoja daktari afurahi. Na kweli, uso wa daktari uling'aa kwanza: kilo nane kupewa usingizi wa kilo kumi, hiyo ilikuwa sababu, na sababu nzuri. Kisha ule mng'ao ukazimika kama taa iliyokatiwa umeme.

"Sista," alisema, na sauti yake ilikuwa nyingine, "kimbia chumba cha kipimo. Yule mtoto wa leo asipewe dawa kwanza. Halafu tafuta wote waliopimwa kwa mizani hii tangu wiki iliyopita, waliolala wodini na waliokwenda nyumbani. Kama inazidisha kilo mbili, wote dawa zao zina makosa."

Sista alikuwa ameshika kitasa. "Daktari, naiangalia kila asubuhi. Naapa naiangalia."

"Tutajua. Nenda."

Mlango ulipofunguka Bibi aliliona benchi. Alikuwa ameketi pale asubuhi yote na hakuwa ameona chochote ila zamu yake. Sasa aliwaona: mama aliyempakata mtoto aliyekwishavalishwa gauni la kijani, tayari, mwingine ameshika chupa ya maziwa asiyoruhusiwa kumpa mtoto hadi baada ya kipimo, baba mmoja amesinzia, mkono wake bado unampigapiga mtoto mgongoni. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, husema watu. Yeye ndiye aliyewatwika, na alijua uzito wake hadi gramu.

"Ngoja kwanza, mwanangu," alisema. "Msiwasumbue wote hao. Labda... labda haizidishi kila siku."

Sista alisimama mlangoni. Daktari aligeuka.

"Mizani inayozidisha siku moja tu, bibi?"

"Zipo. Hata sokoni zipo."

"Inazidisha siku moja, kwa mtoto mmoja?"

"Mashine nazo zina siku zao."

Daktari alimtazama kwa utulivu uleule aliokuwa ameitazamia ile tisa, kama mtu anayejiuliza dakika ile ilikuwaje.

"Basi tuijaribu hapa hapa, kabla hatujamsumbua mtu," alisema. "Tunahitaji kitu kimoja ambacho uzito wake tunaujua kwa hakika." Akaangaza mezani: kalamu, karatasi, chupa ya maji nusu. Kisha macho yake yakatua mapajani kwa Bibi. "Wewe si mtu wa maharage, bibi? Huna jiwe la mizani hapo mkobani?"

Ndani ya mkoba mawe yalikuwa mawili, yamefungwa kwenye kitambaa chao. Moja likiwekwa pale, mizani itasema kilo moja, si pungufu wala zaidi, na sista atapumua, na benchi lote litapumua.

"Sina," alisema Bibi. "Nimeyaacha sokoni."

"Mama, wewe huyaachi sokoni," alisema binti yake.

"Leo nimeyaacha."

Punje alikuwa bado ameketi juu ya mizani, akichezesha miguu na kuangalia mshale ukicheza naye. "Yamo humo, daktari," alisema, akionyesha mkoba kwa kidole kidogo. "Yale ya kwenye koti langu. Bibi, unayashona tena leo?"

Sista aliachia kitasa. Daktari aliivua miwani ya puani, akanyoosha kiganja.

"Mama," alisema binti yake polepole, "koti gani?"

"Koti?" Bibi alishangaa kwa moyo wote. "Koti lipi tena hilo?" Na alipouvuta mkoba karibu na tumbo, ndani yake jiwe likagonga jiwe.